Gauni Lililonikaa Sawasawa

Mwanangu, umeoa juzi tu, na tayari nasikia unamuuliza mkeo maswali mpaka anasahau alichokwenda kununua sokoni. Hebu kaa hapa. Nakumbuka Ijumaa moja ya ujana wangu, Mwingereza bado anatutawala, nami naishi chumba cha uani hapa hapa Kariakoo.

Mume wangu wa kwanza, Hamisi, alikuwa karani mjini. Mtanashati, suruali imepigwa pasi, Kiingereza kinamtoka puani. Na wivu! Loo, yule bwana alimwonea wivu hata muuza maji. Mwanzoni, sikufichi, nilifurahi. Nilijisifu kwa wenzangu pale bombani kwamba napendwa. Ujinga wa usichana huo.

Sasa, ng'ambo ya barabara alikaa fundi cherehani, kijana mzuri wa sura, kutwa yuko barazani. Nilitaka gauni la Idi. Kwa kumwogopa Hamisi sikwenda mwenyewe. Nilimpa wifi yangu Mwanaidi, dada yake Hamisi huyo huyo, gauni langu la zamani alipeleke liwe kipimo. Jipya likaja, nikalivaa Ijumaa ile mume wangu alipotoka msikitini. Lilinikaa sawasawa.

Akalitazama. "Fundi kakijuaje kiuno chako?"

"Kwa gauni la zamani. Alilipeleka dada yako."

"Alikushika wapi?"

"Hajanishika, Hamisi. Muulize Mwanaidi."

"Aa, mnafichiana nyie!"

Wali ukapoa. Akauliza hivi, akageuza, akauliza vile. Nikilia, nalia nini? Nikinyamaza, nanyamazia nini? Kisha akacheka kwa majivuno, akaniambia Wazungu wa ofisini kwake wana neno la kazi hiyo: grili. Nikamuuliza maana. Akanieleza kwa raha zake kwamba ni vyuma vya kuchomea nyama juu ya makaa, neno wamelichukua kwa Wafaransa, na baadaye wakalitumia kwa mtu anayebanwa maswali mpaka aseme. Wala hakuona aibu. Mimi ndiyo nyama, yeye mpishi!

Ilipoadhiniwa magharibi nilikuwa nimechoka roho. Nikasema, "Ndiyo, alinishika. Haya, umefurahi?"

Akatoa talaka palepale, mwanangu. Nikaenda kwa mama yangu, mtaa wa Mchafukoge, na gauni langu mwilini.

Mwanaidi alipopata habari alimfuata kaka yake, akamwambia ukweli wote na matusi juu. Hamisi akaja kwa mama, macho mekundu.

"Mbona ulikubali jambo ambalo hukulifanya?"

Nikamjibu, "La kweli nilikupa mchana kutwa ukalikataa. Uongo ulikutosha mara moja."

Alilia. Alitaka kunirejea, wazee wakamwambia asinilazimishe. Nilimpenda sana, na sikurudi.

Basi sikiliza. Kuwa na wivu si dhambi. Ukikushika, mwambie mkeo, "Nina wivu," kwa maneno hayo hayo, halafu nyamaza umsikie. Swali liulize mara moja, na jibu lipokee. Ukimbana, atakupa lolote litakalompa nafasi ya kupumua, nawe utavunja nyumba yako kwa maneno uliyomtia mdomoni mwenyewe.

Nenda nyumbani sasa, anakungoja. Mungu akupe moyo wa kuamini, na mkeo amjalie asichoke kukwambia kweli, mzeeke pamoja mkitaniana.