Uchungu Ulivyoandikwa kwa Kiingereza

Mwongeli Muia alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ndogo ya mabati huko Gatina, Kawangware, mpaka shule hiyo ilipofungwa Januari ya 2008, katika vita vilivyofuata uchaguzi. Nusu ya wazazi walikuwa wamehama, na waliobaki hawakuthubutu kuwatoa watoto nje. Mwezi wa Machi, viongozi walipokwisha kupeana mikono, shirika moja la kanisa lilimwajiri kuwahoji watu wa Kibera waliopoteza nyumba na biashara, ili wasaidiwe. Aliuliza kwa Kiswahili, akajaza fomu kwa Kiingereza.

Kila asubuhi alitembea kutoka Gatina, akavuka Ngong Road, mpaka Sarang'ombe, upande mmoja wa Kibera, ambako shirika lilikuwa limepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya Wanubi, wenyeji wa zamani wa hapo. Siku nyingine alihoji watu thelathini. Alisikiliza habari za milango kuvunjwa, cherehani kuibwa, mtoto kupotea siku mbili. Kufikia saa tisa alikuwa anasikia sauti tu, maneno hayamwingii.

Mwisho wa fomu palikuwa na swali kuhusu hasira, na maneno matano ya kuwekewa alama: annoyed, angry, furious, resentful, bitter. Mwongeli aliyajua vizuri; alikuwa akiyafundisha darasa la sita. Ukikanyagwa mguu sokoni na mtu asiombe msamaha, wewe ni annoyed, umeudhika, na ukifika nyumbani umesahau. Angry ni hasira yenyewe. Furious ni ghadhabu, ile ya kurusha sufuria. Resentful ni kinyongo: humwambii mtu kitu, lakini salamu yake unaiitikia nusu. Bitter alikuwa akiliweka la mwisho. Hiyo, aliwaambia watoto, ni hasira iliyokaa ndani mpaka ikachacha, na mwenye nayo hataki hata kupatanishwa.

Shida ni kwamba watu wa Kibera hawakusema lolote kati ya hayo. Walisema, "Niko na uchungu." Siku ya kwanza Mwongeli alisita. Kuna uchungu wa kufiwa, kuna wa kuzaa, kuna wa dawa mdomoni. Dawa chungu kwa Kiingereza ni bitter. Foleni ilikuwa ndefu. Akaweka alama kwenye bitter, na baada ya hapo mkono ukazoea.

Wiki ya tatu, mwanamke aitwaye Aoko aliingia bila kupanga foleni. Aliwahi kuuza omena, dagaa wa ziwani, huko Kisumu Ndogo, mtaa wa hapo hapo Kibera, kabla kibanda chake hakijachomwa, na Mwongeli alimkumbuka kwa sababu hakulia alipohojiwa.

"Mwalimu, uliandika nini kunihusu?"

"Kwani kuna nini, mama?"

"Wametoa majina ya wale watapewa vibanda vipya. Waruguru yuko. Mimi siko. Nimeambiwa ati fomu inasema niko na kisasi, nikafunzwe amani kwanza wiki nane."

Waruguru alikuwa Mkikuyu aliyeuza mboga kando ya Aoko, ambaye ni Mjaluo. Kwa miaka sita walichungiana vibanda kila mmoja alipotoka kidogo. Vita vilipoanza, Waruguru alikimbilia kwa dada yake Kawangware, na Aoko ndiye aliyemfichia mizani yake chini ya kitanda.

"Jana nimemwita barabarani," Aoko alisema. "Ameangalia chini akapita. Amesikia mimi ni mtu wa kisasi."

Mwongeli aliitafuta fomu. Mwandiko ulikuwa wake, na alama ilikuwa yake.

"Ulisema uko na uchungu," alisema polepole.

"Ndiyo. Ndugu yangu alipigwa risasi, na barabara ya kwenda nyumbani ilikuwa imefungwa. Tukamzika hapa makaburi ya Lang'ata kama mtu hana boma. Hiyo si uchungu?"

"Ni uchungu."

"Sasa kisasi imetoka wapi?"

Mwongeli angeweza kusema ni mambo ya ofisi. Hata hilo lilikuwa linahitaji nguvu ambazo hakuwa nazo. "Imetoka kwangu," alisema. "Nilikuwa nimechoka, nikaandika neno ambalo si lako."

Aoko hakumtukana. Alikaa chini kwenye benchi, akafunga leso yake upya.

Jioni hiyo Mwongeli alimweleza msimamizi wake, Nafuna.

"Ni watu wangapi wameachwa nje kwa alama hiyo?" Nafuna aliuliza.

"Hamsini na saba."

"Na wewe ndiye mwalimu wa Kiingereza."

"Ndiyo."

Nafuna alifumba macho kidogo. Orodha ya kwanza ilikuwa imekwishapita, alisema, lakini kungekuwa na ya pili. Mwongeli akiwahoji upya wote ndani ya wiki mbili, majina yangeingia.

Aliwapata arobaini na mmoja. Wengine walikuwa wamerudi mashambani, na mzee mmoja alimwambia aandike chochote, hana la kuongeza. Safari hii kila mtu aliposema uchungu, Mwongeli aliuliza ni uchungu gani. Wengi walikuwa na msiba tu. Wachache walikiri kinyongo. Wawili walimwambia wazi kwamba wanangoja siku yao, na hao aliwaachia alama ile ile.

Jumapili baada ya kanisa alikwenda na Aoko mpaka kwa dada wa Waruguru. Walikaribishwa chai, lakini Waruguru alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Aoko aliweka mizani mezani. Mwongeli alieleza kosa lake lote, bila kujitetea.

"Mimi pia nilisema niko na uchungu," Waruguru alisema baadaye.

"Ulihojiwa na nani?" Mwongeli aliuliza.

"Mama fulani wa shirika lenu. Aliniuliza uchungu gani."

Mwongeli alitazama kikombe chake.

"Nimesikia," Waruguru alimwambia Aoko. "Lakini hata kabla ya hiyo maneno nilikuwa naogopa. Sikutaka kukudanganya."

"Najua," Aoko alijibu. "Hata mimi nilikuwa naogopa."

Aoko alipata kibanda mwezi wa Mei, katika orodha ya pili, safu mbili kutoka kwa Waruguru. Husalimiana asubuhi, na mara nyingine Waruguru humtumia kikombe cha uji. Lakini Aoko akitoka kidogo, kibanda chake humwachia mtu mwingine.