Mkasi wa Karani na Minazi ya Mama

Nakumbuka siku moja nilisikia mkasi kabla sijamwona aliyeushika. Ulikata karatasi polepole, kra, kra, nyuma ya mlango wa chumba cha vitabu pale bomani Kilwa Kivinje, nami nimesimama nje na mama yangu.

Mwanangu, unakwenda kusomea sheria, na umeniambia huko chuoni vitabu vimejaa jumba zima, habari mpya za mahakama zawekwa mezani kila asubuhi. Basi nisikilize kabla hujafunga mzigo wako.

Baba alikuwa amefariki. Kaka yangu wa mama mwingine, Selemani, alitaka minazi yote ya shambani kwetu Tingi iwe mirathi. Mama alikuwa akila kwa minazi ile; ikigawanywa angebaki na thumuni, fungu moja kati ya manane, nalo halijazi kikapu. Shauri lilikuwa liende keshoye kwa liwali, mwamuzi wa mji. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo, na aliyesoma kidogo ndiye mwenye haraka. Nilimwacha mama kwenye ngazi, nikaingia.

Karani, Mzee Athumani, alikuwa akikata vipande vya gazeti la serikali na kuvibandika kwa gundi juu ya kurasa za vitabu vya sheria. Nikamwamkia, akaitika marahaba bila kuinua macho. Akanionya kuwa ukisoma ukurasa bila kipande kilichobandikwa juu yake, umesoma sheria iliyokufa. Basi nikasoma vyote. Kitabu kilisema Mwislamu afuate dini yake. Kipande cha juu kikataka mila za mahali zitazamwe. Kitabu cha fiqhi, yaani sheria ya dini, kikampa mjane thumuni. Nilifunua, nikarudi, nikafunua tena, hata kichwa kikawa kama wavu ulionasa mikokoni.

"Sasa mzee, ipi ndiyo sheria?"

"Sheria ya nini?"

"Ya minazi."

Akauweka mkasi chini. "Alipanda nani?"

Madafu yake nimeyanywa tangu utotoni, sikuwahi kuuliza.

"Umekuja kukiuliza kitabu," akasema, "na mwenye jibu umemwacha juani. Kitabu hakijui Tingi. Kamwite mama yako."

Mama akavua makubadhi mlangoni, kana kwamba anaingia msikitini. Akasema ile ya kisimani aliipanda yeye, baba akiwa Sudi kwa biashara ya samaki wakavu; kila shimo alilitia chumvi kwa mkono wake, na jirani aliyechimba yu hai. Ile ya barabarani ilikuwa ya baba.

Keshoye liwali akamwita jirani. Ya kisimani ikabaki ya mama, ya barabarani ikagawanywa. Selemani akanicheka: "Msomi, umejinyima urithi." Na kweli, fungu langu nalo lilipungua. Hadi leo sijui liwali alihukumu kwa kipi kati ya vile vitatu nilivyosoma.

Mwanangu, kuuliza si ujinga, ila jua umuulize nani kwanza. Soma habari ya leo, soma na ukurasa ulio chini yake. Lakini mtu akikujia na shauri, usimwache ngazini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na ukichanganyikiwa usione haya, mimi nimezeeka na bado sijaelewa.

Mola akupe masikio kabla ya ulimi, akurudishe salama. Haya, gari la Lindi hilo linapiga honi. Nenda, na mlango uufunge nyuma yako, mbuzi wa jirani wasiingie.