Kitambaa cha Mwisho

Kila Ijumaa baada ya swala, fundi wa bunduki wa kijiji chetu cha ujamaa, hapa Handeni, huteleka maji. Gobore letu ni moja, nalo ndilo linalolinda mahindi ya shamba la pamoja dhidi ya nguruwe. Humimina maji yanayochemka ndani ya mtutu alioushika kwa gunia, akausugua kwa kitambaa kilichofungwa kwenye ufito. Maji hutoka meusi kama uji wa ulezi ulioungua. Masizi ya baruti yaliyogandamana hayamuudhi. Huyaita wageni wasioaga, akachemsha tena. Kitambaa cha mwisho hujifutia uso wake mwenyewe. Uso ukibaki safi, bunduki inaondoka. Kabla ya hapo neno lake ni moja tu, tena kwa sauti ya chini.

Ijumaa iliyopita Chausiku, mgambo wa zamu, alikuja mbio kutoka shambani.

“Shikamoo, fundi. Nguruwe wameingia, nawe unapika bunduki! Itakuwa mboga?”

“Marahaba. Bado.”

“Wako safu ya tatu!”

“Waache wale na ya nne, mwanangu. Mahindi tutapanda tena. Mtutu wenye masizi ukipasuka, utakupasukia wewe usoni.”

Akamimina mara ya tano. Kitambaa kikatoka, akakiinua kuelekea usoni. Chausiku akamnyang’anya, akajifuta yeye, toka kipajini hadi kidevuni, kisha akamgeuzia uso.

Fundi akauchungulia, shavu hili na lile, bila haraka. Halafu akampa gobore kwa mikono miwili.