Mate ya Tate

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mjini Bunia, katika mtaa wa Lumumba, nilimwogopa bibi yangu kuliko wanaume wenye bunduki. Vita vilikuwa vimekwisha, ndivyo watu walivyosema, ingawa bado tulilala viatu vikiwa karibu na mlango.

Tulimwita Tate. Alikuwa mama wa Papa, na kwetu hakuna aliyesafiri kabla Tate hajamtemea mate viganjani. Mate ya mzee ni baraka; akikunyima, basi ana neno moyoni.

Asubuhi moja baba mdogo Kasereka alikuwa anakwenda Nizi kuchimba dhahabu. Wiki nzima Tate alikuwa amempinga, akisema barabara haijatulia. Siku yenyewe akakubali, akashika viganja vya mwanawe, akatema. Tfu. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena, na tena, sisi wote tumesimama tunatazama.

"Mama, huyu mutoto alikukosea nini?" Papa akauliza.

"Sina neno naye. Kinywa iko inakauka tu. Ni uzee."

"Uzee inakausha mate? Sema tu umemukatalia."

Kasereka alifuta viganja kwenye suruali kana kwamba vimelowa, akapanda pikipiki. Kabla ya mwezi kwisha, shimo lilimfukia.

Tangu hapo Tate alikula peke yake. Hakuna aliyemtukana; walimkwepa tu. Mimi niliyelala naye chumba kimoja nilijua kitu: hakuweza kumeza bugali bila kusukumia maji kila tonge, na alfajiri ulimi ulimganda hata akashindwa kuniita jina langu, Masika. Sikusema. Niliogopa wangesema ananifundisha uchawi. Miaka mitatu baadaye, siku ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, aliniita na kunyoosha mikono. Nilikimbia, Mungu anisamehe. Mvua za mwaka ule zilipoanza, akafa.

Mwaka jana nilimpeleka Papa, ambaye siku hizi ana shinikizo la damu, kwenye kituo cha afya, Mbunya, kwa sababu chakula kilikuwa kinamkwama. Muuguzi alimtazama kinywani.

"Muzee, tezi za mate zinachoka na myaka. Na dawa ya tension unakunywa inazidi kukausha. Wazee wengi iko vile."

Papa akatangulia kutoka nje. Akaketi kwenye ngazi.

"Masika, mama alikuwa anakunywa dawa ya tension," akasema. "Miye ndiye nilikuwa namuletea."

Niliketi kando yake. Watu wa siku hizi husema imani za wazee ni upuuzi, na mimi siwezi kusema hivyo kirahisi, kwa kuwa Tate mwenyewe aliamini kuliko sisi sote. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Huenda alikufa akidhani ni yeye aliyemuua mwanawe, na mimi, hatua mbili kutoka kitanda chake, sikumwambia hapana.