Kipande Kilichogeuka Njiani

Chuoni walimwita Mwalimu Mkasi, wala hakununa. Kazi yake ilikuwa kukata maumbo na kuyaunga upya. Kata mraba wa karatasi, panga vipande, utapata pembetatu yenye eneo lilelile. Hilo hata wanafunzi wake wavivu walilimudu. Maumbo manene ndiyo makaidi: mchemraba na piramidi vyaweza kulingana ujazo, bado pembe za kingo zao zikakataa kimoja kigeuzwe kingine. Yeye akaona hilo halitoshi kumuumiza kichwa, akajitosa kwenye nafasi zilizopinda, kama uso wa mpira, akitafuta kwa topolojia ya kialjebra, hesabu inayoyatambulisha maumbo kwa namba, vipimo vinavyotosha kusema umbo hili litakuwa lile.

Swali hilo lilimla mzimamzima. Mara mbili mama huyu alimsahau bintiye shuleni. Mara ya pili dada yake mkubwa, fundi cherehani, akamchukua mtoto akae kwake.

"Ukimaliza hiyo hesabu yako, njoo umchukue," dada alisema. "Lakini umalize kweli, usiniletee masihara."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akainama miaka mitano juu ya meza.

Jumamosi moja akaja kwa dada, uso unang'aa: uthibitisho umekamilika. Alikuwa ametuma habari mapema, na mkoba wa mtoto ulikuwa tayari mlangoni. Binti mwenyewe alikaa kando ya cherehani, ametulia kama maji mtungini.

"Shikamoo, mama mdogo."

Neno hilo likamchoma. Hakuna aliyemfundisha vibaya. Watoto wa dada walimwita hivyo, naye akafuata mkumbo. Mwalimu Mkasi akaumeza uchungu, akatafuta mchezo wa kumvuta mwanawe. Akachukua mpira, akakata mshale wa kitambaa, akaulaza juu kabisa.

"Usukume taratibu, usiuzungushe hata chembe. Shuka nao mpaka kiunoni mwa mpira, uende nao kando robo ya mzunguko, kisha urudi nao juu."

Mtoto akasukuma, ulimi nje.

"Mbona sasa unaangalia dirishani? Mwanzo uliangalia mlango. Sijauzungusha, haki ya Mungu!"

Mama akacheka. Kisha kicheko kikakatika ghafla. Katikati ya uthibitisho wake alikuwa amehamisha kipande kwa njia mbili kwenye nafasi iliyopinda, akaandika kwamba kwa vyovyote kitafika kimeelekea upande uleule, utadhani yuko juu ya meza bapa. Kosa la wanafunzi wa mwaka wa pili, ambao aliwanyima alama bila huruma! Na yote yaliyofuata yaliegemea hapo. Akatafuta upenyo kichwani, akarudia, akakosa. Miaka mitano imekwenda na maji. Alitamani kulia kwa sauti, watu wote wasikie.

"Vipi?" dada akauliza, mguu bado kwenye pedali. "Umemaliza au hujamaliza?"

Angeweza kusema ndiyo. Nani mle ndani angejua? Lakini alijijua mwenyewe: kesho angeirudia meza yake, na keshokutwa mtoto angesahauliwa tena getini.

"Sijamaliza," akasema. "Nilidhani nimemaliza."

Mtoto akaruka. Siku nzima uso wake haukuwa umechanua hivyo. Akaukimbilia mkoba, akafungua zipu.

"Mama, basi nirudishe nguo kabatini?"

Mwalimu Mkasi akafungua mdomo ajibu. Mtoto alikuwa anamtazama fundi cherehani.