Mama Sungura na kinga isiyongoja kuitwa

Saa moja asubuhi Mama Sungura, kama wanavyomwita kazini, anaingia kwenye banda lililo nyuma ya maabara ya hospitali, anasalimia kizimba baada ya kizimba, kisha anamtoa Bibi Harusi, sungura mweupe, mnene, mwenye madaha. Anamkalisha mapajani na kuanza kumsugua sikio kwa viganja, taratibu.

"Sikio likiwa baridi, mshipa unajificha," anasema. "Lazima umbembeleze. Mimi nikinuna naye ananuna, na hapo kazi hakuna tena."

Sikio linapata joto, mshipa unajitokeza. Damu kidogo inachotwa, Bibi Harusi anapewa karoti yake. Mama huyu wa watoto watatu aliajiriwa hapa kufagia. Akahamia kwa sungura kwa sababu walitulia mikononi mwake kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Damu hiyo ni ya nini? Anayeeleza ni mpima damu, kijana mcheshi anayemwita dada. Mwilini, anasema, kuna kinga zinazongoja kupewa taarifa kwamba adui kaingia. Ila kuna moja haina subira hiyo. Inajiwasha yenyewe kidogo kidogo, kutwa kucha, na protini zake zinajibandika popote zinapogusa, kwa mwenyeji na kwa mgeni.

"Seli zetu zinajua kuzibandua, yanaisha. Kijidudu hajui. Zikimng'ang'ania zinaita nyingine, nazo zinaita nyingine, mpaka anatobolewa, anapasuka."

Seli za damu ya sungura nazo hazijui kujinasua mbele ya kinga ya binadamu, ndiyo maana zinafaa kwa kipimo. Zinachanganywa na majimaji ya damu ya mgonjwa. Zikipasuka, mchanganyiko unakuwa mwekundu na mwangavu. Ukibaki na ukungu, kinga imelala.

Mama Sungura aliyajua hayo kwa kusikia tu, hadi mwaka jana kitinda mimba wake alipopatwa na homa ya uti wa mgongo. Mtoto ana miaka sita, na nyumbani anaitwa Babu kwa jinsi anavyopenda kukemea watu wazima. Alipona kwa taabu. Daktari akauliza kama kwenye ukoo wao kuna mtoto wa kiume aliyewahi kufa ghafla kwa homa.

"Kaka yangu alikufa hivyo. Asubuhi alikuwa anacheza, jioni hatunaye."

Kipimo kikaagizwa. Damu ya Babu ilitolewa kliniki ya mtaani, na mama akaibeba mwenyewe hadi maabara. Jibu likawa ukungu mtupu.

"Dada, uliiweka kwenye barafu?" mpima damu akamuuliza.

"Barafu ya nini, kaka? Niliitia kifuani isipate baridi."

Jamani, mtu aliyezoea kupasha joto masikio ya sungura angeiwazia wapi barafu? Kumbe joto huiharibu kinga hiyo ndani ya chupa. Kijana alicheka, naye akacheka, kisha akaenda nyuma ya banda na kupiga magoti. Huenda mtoto hana neno.

"Sijawahi kuufurahia ujinga wangu kama siku ile," anasema.

Mara ya pili damu ilisafiri kwenye barafu, ya mama ikiwa kando yake kwa kulinganisha. Ya mama ilizipasua seli za Bibi Harusi bila shida. Ya Babu ikabaki na ukungu.

"Nikamwambia, kaka, chukua yangu yote umtilie. Akanishika mkono."

Vipimo zaidi vilionyesha kwamba Babu amezaliwa bila protini moja, ile inayozishikilia zile zilizojibandika zisianguke mapema. Upungufu huo hupitia kwa mama, na wanaoumia zaidi ni watoto wa kiume. Hauondoki. Lakini chanjo zipo, Babu amechanjwa, na homa yoyote nyumbani kwao ni hospitali papo hapo. Mwenyewe ndiye anayewaamrisha: "Nimepata joto, nyanyukeni!"

Kilichobaki kilimtisha Mama Sungura kuliko sindano zote: kumwambia mama yake mzazi. Siku ile ya msiba, homa ilipoanza mchana, bibi huyo alikwenda kazini akidhani itashuka. Tangu mazishi hajawahi kulitaja jina la mwanawe. Je, kumwambia kwamba ugonjwa ulipitia kwake si kumvunja kabisa?

Mwezi uliopita alijikaza. Walikuwa jikoni, wanaosha vyombo.

"Nilimwambia, mama, daktari hawezi kuapa, ila yaelekea kaka alizaliwa hivi hivi. Hukumtupa. Kitu hiki kimepita kwako, kimepita kwangu, na sote wawili hatukukiona."

Bibi aliuliza jambo moja tu.

"Na huyu wako?"

"Huyu tumemjua mapema, mama."

Ndipo bibi akalitaja jina la mwanawe. Akalitaja tena, sahani ikiwa bado mkononi, akalia.

Mama Sungura anafuta macho kwa mkono wa koti la kazi, anacheka kwa haya. Likizo ijayo Babu atakwenda kukaa kwa bibi yake, na mpango huo si wake, ni wa bibi mwenyewe.

"Anataka kumsimulia habari za mjomba wake, jinsi alivyokuwa mtundu," anasema. "Hata mimi sijawahi kuzisikia kinywani mwake. Nimeomba ruhusa kazini, nikakae nao."