Msamaha Bila Sauti

Mwaka 1992 nilikuwa karani kwenye kituo kimoja cha polisi hapa Kigali, nikipiga chapa maelezo ya walalamikaji. Vita vilikuwa kaskazini, nasi mjini tulikuwa hoi hata kabla ya chai ya saa nne. Wanawake waliokabwa na waume zao walikuja na kitenge kimefungwa shingoni. Shefu, mkuu wetu wa kituo, aliwauliza lile lile kila mara: "Damu iko wapi?" Bila damu, kisu wala rungu, niliambiwa niandike "ugomvi wa nyumbani", basi.

Siku moja, nikitafuta karatasi nyingine kabatini, nilisoma faili la mwanamke aliyekabwa na mumewe mara mbili. Mara zote mbili tuliandika hakuna jeraha. Maelezo yaliyofuata yalikuwa ya majirani, wakieleza walivyoukuta mwili wake. Tangu hapo neno "shingo" lilinitia baridi, na nilimkasirikia kila mtu, hata mashine yangu.

Ndipo akaja mshonaji mmoja wa nguo. Macho yalikuwa mekundu, maji yalimshinda kumeza. Mumewe alikuwa tayari mahabusu, ameletwa na majirani. Punde wakafika wakweze na kreti ya bia, maana kwetu kesi ya mke na mume humalizwa kwa chupa. Shefu aliitazama ile kreti kwa upole ambao sikuwahi kumwona akimpa binadamu.

Sharti lilikuwa moja tu: mlalamikaji atamke mwenyewe kwamba amesamehe. Mume angetoka, na jioni wangekuwa chumba kimoja tena. Nililifikiria lile faili, nikaogopa.

"Sema, mama," shefu alimhimiza.

Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Amesamehe," akadakia mama mkwe. "Mimi pia ni mama yake. Karani, andika."

"Shefu, lazima aseme yeye," nikasema. "Mdomo iko, sauti hakuna. Imekatwa na mtoto wa huyu mama."

"Karani, unatuchosha."

"Hata mimi nimechoka, shefu."

Nikaandika: mlalamikaji hawezi kusema. Shefu alisoma, akashusha pumzi, akatia saini ili aende kula. Mume alibaki ndani.

Mchana ule mshonaji alihamishia cherehani yake Gahanga, kwa dada yake. Mama mkwe alisimama mlangoni pa ofisi yangu na kreti yake, akitaka nimwambie sasa nani atampikia mwanawe.